Je, Wajua? Rangi ya Gari Huharibikia Kwenye Kukaushwa

Je, wajua kwamba mikwaruzo mingi midogo iliyo kwenye bodi ya gari lako haikuletwa na miiba wala matawi ya njiani, bali na mkono uliolikausha? Chukua gari jeusi usiku, lisimamishe chini ya taa kali za kituo cha mafuta, kisha inama utazame boneti. Utaona nyuzi nyembamba zisizohesabika zimeizunguka taa kwa duara. Kila uzi ni mkwaruzo. Na mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa duara. Imekwenda kila upande, ila mwanga unakuonyesha ile tu iliyokaa kwa kuizunguka taa. Sogea hatua moja kushoto, na duara linasogea nawe.

Je, wajua kwamba kinga ya rangi ya gari ni nyembamba kuliko unywele wako? Juu ya rangi, kiwanda hupulizia tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Kwenye magari mengi unene wake ni maikromita 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu huwa na maikromita 70 hivi. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayozuia jua lisiichujue rangi iliyo chini yake. Fundi anapoondoa mikwaruzo kwa mashine ya polishi, hajazi chochote. Anaisaga klia yenyewe mpaka ishuke sawa na kina cha mikwaruzo. Ikisagwa mara nyingi inakwisha, na hapo tiba iliyobaki ni kupiga rangi upya.

Je, wajua kwamba mchanga hukwaruza hata kioo? Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 mpaka 10, almasi ikiwa kileleni, kwatzi iliyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ina 7. Kioo cha dirisha hakifiki hapo, na klia, ambayo ni aina ya plastiki, iko chini zaidi. Ndiyo maana ile desturi ya kupangusa vumbi kwa tambara kavu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, ambayo madereva wengi huihesabu kuwa utunzaji, ndiyo inayoimaliza rangi polepole. Vumbi liondolewe kwa maji. Kama maji hayapo, afadhali gari liende na vumbi lake.

Na umande je? Usiku bodi ya gari hupoteza joto kuelekea angani mpaka ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na mvuke ulio hewani hugeuka maji juu yake. Gari lililolala chini ya mti au kibanda hulowa kidogo, kwa sababu halitazamani na anga. Anayefuta umande kwa tambara anafuta tope jembamba: vumbi la jana limeshachanganyika nao. Mwaga ndoo moja ya maji kwanza.

Je, wajua kwamba yale madoa meupe ya duara yanayobaki baada ya kuosha si uchafu uliosahaulika? Ni mawe. Maji ya kisima na ya bomba huwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, hasa kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka, maji hupaa na madini hubaki, yakijipanga kwenye ukingo wa tone. Ndiyo chokaa ile ile inayoganda ndani ya birika la kuchemshia chai. Kwa hiyo gari linaweza kuoshwa kwa sabuni bora, likasuuzwa vizuri kabisa, na bado likaonekana chafu kwa kuwa tu liliachwa likauke lenyewe.

Hapa watu wa pwani wana kazi zaidi. Mombasa, Unguja na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani zimekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Maji ya mvua yakipenya ndani ya mawe hayo huyayeyusha kidogo kidogo, na kisima kinakupa maji magumu. Penye visima karibu na bahari, chumvi nayo huingia. Ukiosha gari kwa maji hayo saa sita mchana ukaenda kununua vocha, ukirudi utakuta boneti imeshachorwa madoa.

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Viktoria huacha madoa machache kuliko ya Ziwa Tanganyika? Viktoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo maji yanayotumika Kisumu, Mwanza au Bukoba yana madini machache. Tanganyika ni ziwa la kale mno, na lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake mengi huondoka kwa kupaa huku madini yakibaki yakiongezeka. Madini yaliyoyeyuka humo ni mara kadhaa ya yale ya Viktoria, na magnesiamu ni nyingi. Ziwa Kivu, lililozaliwa na volkano, limezidi hata hapo, na kwa mto Rusizi huliletea Tanganyika sehemu ya madini hayo. Basi mtu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Bukavu anayeosha gari kwa maji ya ziwa inampasa awahi kukausha kuliko ndugu yake wa Mwanza. Nasema maji ya ziwa, si gari ndani ya ziwa. Oili na sabuni zinazotoka chini ya gari huenda moja kwa moja kwa samaki na kwa wanaokunywa maji hayo. Chota maji, uoshee mbali na ufuko.

Je, wajua kwamba maji bora ya kusuuzia mara ya mwisho huenda yanaanguka bure kwenye bati lako? Maji ya mvua karibu hayana chokaa. Acha manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi la paa, kisha kinga yanayofuata. Osha gari kwa maji yoyote uliyo nayo, halafu maliza kwa ndoo moja ya maji ya mvua kuanzia juu ya paa. Madoa yatapungua hata kabla hujagusa kitambaa. Yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo ni maji ya mvuke, hayana chokaa. Kwenye nchi zenye vifaa, maduka makubwa ya kuoshea magari huchuja maji kwa resini maalumu mpaka madini yaishe kabisa, na gari hukauka bila doa na bila kufutwa.

Doa likishaganda, tumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Chokaa huyeyuka kwenye asidi. Lowesha kitambaa safi, kiweke juu ya doa dakika moja au mbili, kivulini, bodi ikiwa baridi, kisha suuza kwa maji mengi. Usiiache siki ikaukie pale. Usikwangue kwa kucha wala kwa kisu. Doa lililokaa juani kwa wiki nyingi huila klia na kuacha shimo dogo, na hilo siki haiwezi kulifuta.

Je, wajua kwamba si kweli kuwa tone la maji hukusanya mwanga wa jua na kuichoma rangi? Imani hii inafanana na ile ya wakulima wanaoogopa kumwagilia mchana wakisema matone yatababua majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös, Budapest, waliipima imani hiyo ya majani na kuchapisha majibu yao mwaka 2010. Kwenye majani laini matone hayakuunguza kitu, kwa sababu tone lililolala hukusanya mwanga mbali chini ya uso liliolalia. Alama za kwenye gari zinatokana na chokaa, vumbi na tindikali iliyomo ndani ya tone, pamoja na joto linalovioka vyote hivyo. Bodi nyeusi ikikaa juani mchana hupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo kivuli ni lazima, ingawa sababu si ile tuliyozoea kuambiwa.

Sasa tuje kwenye kukausha kwenyewe. Kanuni ninayoisimamia ni moja: njia bora ni ile inayoacha kazi ndogo kabisa kwa kitambaa. Maji yaondoke yenyewe kwanza, hewa iondoe yaliyobaki, na mkono uje mwisho.

Je, wajua kwamba mashine ya presha ndiyo inayoongeza kazi ya kukausha? Inayapasua maji kuwa matone maelfu, na kila tone hushika mahali pake. Mwishoni izime. Chukua mpira wa kawaida, ondoa kichwa cha kunyunyizia, punguza maji yawe mkondo mpole, kisha tiririsha kuanzia katikati ya paa ukisogea taratibu. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo mkondo unaoteremka hukusanya matone yote unayopita na kuondoka nayo. Simama uangalie. Paa linabaki karibu kavu nyuma ya mkondo, na maji yanashuka kioo cha mbele kwa shuka moja. Kwa watu wasio na mpira, kopo au ndoo iliyoinamishwa taratibu hufanya kazi hiyo hiyo. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana kwenye vituo vyetu vya kuoshea magari, na haigharimu hata senti.

Je, wajua kwamba jani la magimbi lingeweza kumfundisha mtu kutunza gari? Mwagia maji jani la magimbi shambani, utaona yanakuwa shanga zinazobingirika na kudondoka, jani likibaki kavu. Uso wake una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimefunikwa nta. Yungiyungi la Asia lina tabia hiyo hiyo, na mtaalamu wa mimea Wilhelm Barthlott wa Bonn, Ujerumani, aliieleza kwa undani katika makala aliyochapisha mwaka 1997. Nta ya gari haiwezi kufika huko, lakini inaelekea huko: maji yanakosa pa kushika. Nta ya asili iliyo maarufu kuliko zote kwa magari hutoka kwenye majani ya mnazi-pori uitwao karnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na zaidi. Gari lililopakwa nta hukauka kwa muda mfupi zaidi na kwa kitambaa kidogo zaidi.

Ila tahadhari. Gari lenye nta likiachwa juani na matone yake, madoa huwa makali zaidi, kwa kuwa chokaa yote ya tone imebaki ndani ya duara dogo. Nta hairuhusu uvivu.

Je, wajua kwamba upepo ulianza kukausha magari zamani? Kituo cha kuoshea magari kinachotajwa kuwa cha kwanza kilifunguliwa Detroit, Marekani, mwaka 1914. Mashine hazikuwepo. Gari lilisukumwa kwa mikono kutoka kwa mtu wa sabuni kwenda kwa mtu wa kusuuza, mpaka kwa mtu wa kukausha. Mwaka 1946, mjini humo humo, Thomas Simpson alileta mfumo wa nusu mashine uliomalizia kwa feni kubwa ya nguvu za farasi 50 iliyopuliza maji yatoke kwenye bodi.

Kwetu upepo upo: karibu kila kituo kina kompresa ya kupulizia viti na injini. Itumie kwenye mianya. Nyuma ya kioo cha pembeni, kuzunguka taa, chini ya nembo, ndani ya vishikio vya milango, kwenye kifuniko cha mafuta, kwenye nati za tairi. Humo ndimo maji yanamojificha. Unamaliza kufuta gari lote, linapendeza, unatoka barabarani, na kabla hujafika kona ya kwanza mstari wa maji unachuruzika kutoka kwenye kioo cha pembeni, unarudi nyuma juu ya mlango, na vumbi linaudaka pale pale. Ukiwa na kompresa, mwambie kijana wa kituo afungulie kwanza maji yaliyojikusanya kwenye tangi lake, la sivyo itatema maji yenye oili juu ya bodi. Kama hakuna, funga na ufungue milango yote kwa nguvu kiasi, kunja vioo vya pembeni na kuvikunjua, kisha ndipo uanze kufuta.

Kuhusu kitambaa nitachukua muda, kwa sababu hapa ndipo rangi hupona au kufa.

Je, wajua kwamba fulana kuukuu si kitambaa cha kukaushia gari? Mishono yake ni migumu, maandishi ya kifuani ni plastiki, na pamba iliyokwisha kuchakaa husukuma maji badala ya kuyanywa. Nguo za mitumba zilizogeuzwa matambara ni hatari zaidi. Kifungo kimoja au kipande cha zipu kilichosahaulika kinatosha. Taulo la pamba ni afadhali, lakini likianikwa juani hukakamaa, na huacha nyuzi kila linapopita.

Je, wajua ile ngozi laini ya kufutia magari inayosifiwa na wazee ilitokana na mnyama gani? Ni mnyama wa milimani Ulaya anayefanana na mbuzi na swala kwa pamoja, anayeishi Alps na milima jirani. Siku hizi karibu yote hutengenezwa kwa tabaka la ndani la ngozi ya kondoo, iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Hunywa maji vizuri sana, mradi iloweshwe na kukamuliwa kabla ya kuanza. Tatizo lake ni kwamba uso wake ni bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa haina pa kuingia, hivyo inakaa kati ya ngozi na klia na kuburutwa gari zima.

Na kile kitambaa cha njano au cha buluu kinachouzwa kwenye mataa, kimekunjwa ndani ya kopo refu la plastiki? Kimetengenezwa kwa polivinili alkoholi, plastiki yenye vitundu vingi inayonywa maji. Kikikauka huwa kigumu kama kadibodi, na mtu asiyejua hudhani kimeharibika. Kiloweshe tu, kinarudi kuwa laini. Ni kizuri kwa vioo, kwa kingo za ndani za milango, kwa pikipiki. Kwa bodi ya gari kina kasoro ile ile ya ngozi: ni bapa.

Kitambaa ninachokipendekeza ni maikrofaiba. Je, wajua kwamba uzi wake ni poliesta iliyounganishwa na poliamaidi, kisha ukapasuliwa kwa urefu kuwa nyuzi ndogo mno? Mjapani Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray ndiye aliyefanikisha nyuzi nyembamba kiasi hicho mwaka 1970, na mwanzoni zilitumika kutengeneza kitambaa kilichofanana na ngozi ya suedi. Maji hayaingii ndani ya uzi wenyewe. Hunaswa kwenye nafasi zilizo kati ya nyuzi, na nafasi hizo ni nyingi kupindukia. Kitambaa chenye vinyweleo virefu kina faida ya pili, na kwangu hiyo ndiyo kubwa: chembe ya mchanga huzama katikati ya vinyweleo, mbali na klia.

Sokoni zipo bandia, au tuseme zipo ambazo nyuzi zake hazikupasuliwa. Kipime hapo hapo dukani. Pitisha kiganja kikavu juu ya kitambaa. Maikrofaiba ya kweli hung'ang'ania mikunjo ya ngozi, hasa kwa mtu mwenye mikono ya kazi. Kisha omba maji kidogo tu, yamwage mezani, uvute kitambaa juu yake bila kukibonyeza. Cha kweli kinaacha meza kavu, cha uongo kinasukuma maji mbele. Angalia pia uzito ulioandikwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kwa kukaushia, kuanzia 500 kwenda juu ni vizuri. Kata lebo kabla ya kukitumia, maana lebo nayo hukwaruza.

Je, wajua kwamba kukausha si kusugua? Kitandaze kitambaa juu ya boneti, shika pembe mbili, kivute taratibu kuelekea kwako. Uzito wake unatosha. Sehemu zilizosimama, kama milango, bonyeza na kuinua, bonyeza na kuinua. Anzia paa, fuata vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu za chini, kwa sababu huko ndiko mchanga wa tairi unakoganda. Vizingiti na ringi viwe na kitambaa chao. Vumbi jeusi la ringi lina chembe za chuma kutoka kwenye breki, na kitambaa kilichopita huko kisirudi kamwe juu ya boneti.

Kitambaa kikianguka chini, kazi yake siku hiyo imekwisha. Kukikung'uta hakutoshi.

Je, wajua kwamba kilainishi cha nguo, kile cha kunukisha na kulainisha, huua maikrofaiba? Hupaka nyuzi utando na kuziba zile nafasi zinazonywa maji. Jiki nayo huila. Joto kali huyeyusha ncha za nyuzi zikawa ngumu, kwa hiyo pasi na maji ya kuchemka viwe mbali. Fua kwa sabuni kidogo ya maji, peke yake bila nguo za pamba, suuza mara mbili, anika kivulini pasipo na vumbi.

Je, wajua kwamba kile kifaa cha mpira cha kuvutia maji kwenye vioo, chenye mshikio na ulimi mmoja, kililetwa na mhamiaji wa Kitaliano? Ettore Steccone alikianzisha Oakland, California, mwaka 1936, kwa ajili ya wasafisha madirisha. Kiache huko huko kwenye vioo. Kwenye bodi, chembe moja chini ya ulimi huo huchora mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa boneti.

Gazeti kuukuu husafisha kioo vizuri, ila upande wenye tinti usiguswe nalo.

Je, wajua kwamba kuendesha gari kwa kasi hakulikaushi kama tunavyodhani? Madereva wa daladala na matatu hutoka kituoni gari likichuruzika wakiamini upepo utamaliza kazi. Upepo huondoa matone makubwa. Lakini hewa iliyogusana na bodi yenyewe karibu haisogei, hata gari likienda mbio, na matone madogo hubaki yamekaa humo, yanadaka vumbi na kukauka nalo.

Hata hivyo kuna kitu ambacho lazima ukikaushe kwa kuendesha: breki. Diski za chuma zikilowa huota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache. Si ugonjwa, hukwanguka ukikanyaga breki mara kadhaa. Breki za dramu zikiingia maji hupungua nguvu, jambo la hatari kwa anayetoka kuosha akakutana na mteremko. Kabla ya kuegesha gari lililooshwa, zunguka kidogo mahali salama, kanyaga breki taratibu mara nne tano mpaka zipate joto. Ukilaza gari lenye dramu mbichi huku hendibreki imevutwa, asubuhi zinaweza kuwa zimeshikana. Na ukitoka safari ndefu, usimwagie maji baridi diski zenye moto. Zinaweza kupinda.

Je, wajua kwamba chini ya kila mlango kuna matundu? Yapo ili maji yanayopita pembeni mwa kioo yatoke. Vumbi letu huyaziba, maji hukaa ndani, na mlango huoza kuanzia ndani hadi siku rangi ya chini inapovimba. Pitisha kijiti mara moja moja. Kutu inataka maji na hewa tu, na chumvi huiharakisha, kwa hiyo magari ya Tanga, Malindi na Pemba yana haki ya kukaushwa kuliko ya bara. Magari mengi ya mitumba hutoka Japani, na ya Hokkaido yamepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukinunua, lala chini uangalie chasisi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Dodoma hewa ni kavu, maji yanapaa kabla hujafika upande wa pili, kwa hiyo osha na ukaushe gari nusu kwa nusu. Dar es Salaam na Mombasa una muda zaidi kwenye bodi, lakini ndani ya gari mambo ni kinyume: mazulia na viti vilivyooshwa jioni vikafungiwa usiku kucha huota ukungu, na harufu yake haitoki kwa manukato. Viti vioshwe asubuhi, milango ikae wazi mpaka vikauke siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la kwetu sisi wateja. Kijana wa kuosha magari hulipwa kwa gari, si kwa saa. Foleni ikiwa ndefu hana nafasi ya kufua tambara, na analolitumia kwenye gari lako saa tano limeshapita kwenye magari yote ya asubuhi, ringi zikiwemo. Likamue ndani ya ndoo yake, kisha tazama mchanga unavyotulia chini. Hakosi bidii, anakosa vitendea kazi. Basi wikendi hii nunua vitambaa viwili vya maikrofaiba vya rangi tofauti, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Vihifadhi kwenye mfuko safi ndani ya buti, na umkabidhi kijana kabla hajaanza. Mwombe asuuze mara ya mwisho bila presha, aanzie juu, asisugue. Akimaliza vizuri, mwongeze chochote.